Mkono Ng'ambo ya Korongo

Mwanangu Bura,

Sikuulizi hali, maana hali yako naiona kutoka hapa nilipoketi. Uko kule mteremkoni na ng'ombe, umevaa ile fulana iliyotoboka ambayo mama yako alishakukataza, na yule ndama mwekundu amekushinda kama kawaida. Nilikwambia leo usichunge, upumzike, kesho una safari. Ukanijibu kwamba ng'ombe hawajui kesho ni nini. Nikachukua karatasi, nikaja kukaa nyuma ya ghala, mahali ambapo mdogo wako Neema hatanifuata kuniuliza naandika nini.

Mambo ya ndoo, godoro na dawa ya viatu sitayagusa. Mama yako ameshayasema na kuyarudia, na hilo tranka umelifungua na kulifunga mpaka bawaba zinalalamika. Mimi nina jambo langu moja: siku ya wageni ya kwanza sitakuja kukuona. Ya pili nayo sidhani. Sababu ipo, na nitaiandika humu humu kabla karatasi hazijaisha. Nikianza nayo hutasoma mengine, nakujua, utaruka mistari kama unavyoruka uji ukisikia kuna chai. Nivumilie kidogo. Nataka kwanza nikueleze ule mwaka wangu mmoja wa shule ya bweni, ambao watu wa hapa Dirma wakiuliza huwa nacheka na kusema nilisoma mpaka nikachoka. Sikuchoka, mwanangu.

Nilikuwa na umri kama wako. Nilikuwa wa kwanza katika kaya yetu kuchaguliwa kwenda sekondari, na babu yako, marehemu, alinisindikiza kwa miguu hadi kituo cha basi Katesh akiwa amebeba tranka langu begani. Alikataa nisaidie. Alisema mwanafunzi hatakiwi kufika akinuka jasho. Mimi nilitembea nyuma yake mikono mitupu, nikiona aibu, na leo nikikumbuka bega lile naona aibu zaidi.

Shule ilikuwa ya wavulana watupu, ya zamani, majengo ya mawe yaliyojengwa na mapadri na baadaye kuchukuliwa na serikali. Kengele ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mlingoti. Ikigongwa alfajiri, bweni zima linatoka mbio kwenda mchakamchaka kwenye baridi, halafu kufagia, halafu maji, halafu uji usio na sukari. Sisi wa kidato cha kwanza tuliitwa njuka. Njuka hana jina, hana haki ya kupita katikati ya uwanja, na kwenye bwalo anapakuliwa maharage mwisho, wakati umebaki mchuzi na wadudu. Tukaambiwa wale wadudu ni nyama ya bure, tushukuru. Wewe utaambiwa hivyo hivyo. Cheka tu, maana kila aliyekutangulia hapo aliwahi kuwa njuka na anasubiri kuona kama utalia.

Usiku wa kwanza kila njuka alipandishwa juu ya meza kutaja jina na anakotoka. Nilipofungua mdomo bweni likaangua kicheko. Walisema naongea Kiswahili kwa koo, kama mtu anayekohoa mfupa. Tangu siku hiyo wakaniita Koo. Nilikasirika sana wakati ule. Siku hizi nalikumbuka jina hilo na kucheka peke yangu, na utaona mbele kwa nini si kicheko cha furaha.

Mtu wangu pale shuleni alikuwa Boay, yule mzee Boay unayemwamkia sokoni. Kwao na kwetu palitenganishwa na korongo tu. Yeye alikuwa kidato cha tatu, mkubwa, na alinichukua kama mdogo wake. Aliniazima sabuni. Alinifundisha kulala na shati la shule chini ya godoro ili linyooke. Ukipata Boay wako huko, mshike.

Sasa kuna jambo nililolifanya muhula ule ule wa kwanza. Padri alikuwa anakuja Jumamosi kufundisha dini. Nilianza kuhudhuria kwa sababu aliyekwenda dini hakupelekwa kuchota maji ya jikoni. Huo ndio wokovu nilioutafuta. Lakini maneno yana tabia ya kuingia hata kwa mtu aliyekuja kukwepa ndoo, na Pasaka ilipofika nilibatizwa pamoja na wenzangu, nikaitwa Emanueli. Nilifurahi kweli. Nilipolala ndipo nikamkumbuka babu yako.

Babu yako hakulitaka kanisa. Si kwamba alikuwa mtu mbaya, alikuwa na ya kwake na yalimtosha. Alishasema mbele ya watu, mimi nikiwa nimekaa pale pale, kwamba mtoto wake akimwagiwa maji ya kanisa asivuke korongo kurudi kwake. Sikuwa nimewauliza wazazi. Sikuwa nimewaambia. Nikajiambia nitamweleza mama kwanza, atakapokuja, naye atajua namna ya kumlainisha mzee.

Maana bibi yako aliniahidi kuja. Siku naondoka aliniambia mvua zikikata na njia ikipitika atanifuata siku ya wageni. Alikuwa mjamzito. Niliona, lakini kwetu mambo hayo mtoto haulizi, nami sikuuliza.

Siku ya wageni ikaja. Wazazi walitandika khanga kwenye uwanja wa mpira, wakafungua masufuria, na harufu ya kuku ikafika mpaka darasani. Nilinyoa nywele, nikakaa karibu na lango. Mama mmoja wa Kiislamu, ambaye familia yao ina duka Dongobesh na mwanawe alikuwa bweni letu, aliniona nimekaa muda mrefu. Akaniita nikale nao. Nikamwambia asante, mama yangu yuko njiani. Hakubisha. Alinipakulia pilau, akaifunika kwa sahani nyingine, akaiweka pembeni yake. Jua likazama ile sahani ikiwa imefunikwa bado, na alipoondoka aliniachia pamoja na sahani zenyewe, akisema atazichukua siku nyingine. Nilikula nikiwa nimesimama nyuma ya bweni. Sikumwona mtu wa kwetu siku ile wala wiki zilizofuata, wala salamu haikufika.

Kisha Boay akapewa ruhusa kwenda kwao kumwona baba yake aliyekuwa anaumwa. Aliporudi nilimpokea langoni nikamuuliza nyumbani kwetu ni wazima? Akasema ni wazima. Halafu akaenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu. Hakukaa tena kitandani kwangu jioni kupiga hadithi. Mimi nikajua, au nikadhani nimejua. Habari za ubatizo zimefika, babu yako amekasirika, na mama yangu amekubaliana naye.

Mwanangu, nimekaa na jambo hili miaka mingi nikiliangalia kila upande, na bado nashangaa jinsi nilivyolishona vizuri. Kila kitu kiliingia mahali pake. Hawakuja kwa sababu ya ubatizo. Hawakutuma salamu kwa sababu ya ubatizo. Boay haniangalii usoni kwa sababu ya ubatizo.

Likizo ya Juni nilikwenda nyumbani hata hivyo. Nilishuka Katesh nikatembea peke yangu, na njiani nilikuwa nimetayarisha maneno ya kumwambia babu yako. Nilipofika ukingo wa korongo, mama yangu alikuwa upande wa pili, anashuka na kuni mgongoni. Aliponiona aliziacha zikaanguka. Nikasema, "Mama, shikamoo." Hakuitikia. Mama yangu, aliyekuwa anaitikia hata shikamoo ya mlevi, hakuniitikia mimi.

"Simama hapo hapo," alisema. "Usivuke."

Nikasimama. Alikuwa amekonda, na tumbo halikuwepo, lakini mimi sikulitazama tumbo. Nilikuwa nasikia lile neno la babu yako likitoka kinywani mwake.

"Nenda Gehandu kwa mjomba wako," akasema. "Ukae huko mpaka shule ifunguliwe."

Nikamuuliza, "Ni kwa sababu ya kanisa?"

Hakujibu. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la lugha nyingine. Nikachukua kule kunyamaza kuwa ndiyo. Nilikuwa nimetoka mbali, nina njaa, na kwetu mtoto hafiki nyumbani akaondoka bila hata tone la maziwa. Hakunipa hata maji. Nikamwambia neno ambalo naliandika hapa kwa shida. Nilimwambia, "Basi mimi sina mama."

Aliinama pale kwenye unyevu wa korongo, mahali ambapo majani hubaki mabichi hata Juni, akachuma, akasimama, akainua mkono. Unajua maana ya majani mabichi mkononi mwa mtu mzima, ni amani na baraka kwa anayeinuliwa. Nami nilijua, nilizaliwa humu. Lakini nilishageuka nusu, nikauona mkono tu, nikaona unanifukuza. Nikaondoka bila kutazama nyuma.

Sikwenda Gehandu. Hapo ndipo penye kosa lenyewe, mwanangu, kuliko hata lile neno. Ningekwenda kwa mjomba wangu ningeambiwa kila kitu jioni ile ile, na ndiyo maana alinituma kwake. Lakini nilijiuliza, niende nikale kwa ndugu wa mtu aliyenifukuza? Nikarudi Katesh, nikabeba magunia kwenye duka la mzee mmoja aliyenionea huruma, nikalala stoo mpaka shule ikafunguliwa. Kiburi cha njuka.

Muhula ule nilisoma kwa hasira, na hasira inasomesha, nisikudanganye. Nilipanda darasani. Walimu wakanisifu, na kila nikisifiwa nilikuwa namjibu mama yangu kichwani. Nilikuwa na ugomvi naye mchana na usiku, yeye hana habari.

Mvua zikiwa karibu kuanza, siku ya wageni nyingine ikafika. Mimi nilikuwa nimejilaza bwenini, sikutaka kuona masufuria ya watu. Boay akaingia mbio. Akasema, "Mama yako yuko uwanjani." Nikachungulia dirishani. Alikuwa amekaa kwenye nyasi karibu na goli, peke yake, amejifunga shuka jipya, kibuyu cha maziwa amekipakata. Alikuwa hajawahi kupanda basi maisha yake yote.

Nikamwambia Boay, "Mwambie sipo."

Boay akasema kuna jambo natakiwa kulijua. Nikajifunika blanketi mpaka kichwani. Akaniita jina langu la nyumbani, kisha akatoka.

Mama yangu alimngojea mtoto wake mpaka saa ya basi. Nilimtazama kupitia tundu la blanketi na dirisha, sitaki kukuficha hilo, nilimtazama. Hakulia, hakuuliza walimu, hakuzunguka. Alikaa tu kama mtu aliyefika mahali alipotaka kufika. Mwishowe akampa Boay kibuyu, akapangusa nyasi kwenye shuka, akaondoka.

Boay akarudi, akaketi kitandani kwangu kwa mara ya kwanza tangu ile ruhusa yake, akaweka kibuyu katikati yetu. Akasema, "Amesema njia iko wazi sasa. Unaweza kurudi."

Kisha akanieleza. Mama yangu alijifungua baada tu ya Pasaka. Mtoto wa kike, na hakulia. Wewe umekua wakati haya mambo yamepungua, watu wengi wameyaacha, kwa hiyo nikufafanulie kama nilivyofafanuliwa mimi. Wakati ule sisi Wairaqw nyumba ikipatwa na kifo cha namna ile, nyumba inafungwa. Wazee waliita metimani. Waliomo ndani hawatembelei mtu na hawatembelewi, hawali na wengine, hawaazimi moto, hata njia ya majini na malisho wanakuwa na vyao. Wanakaa hivyo miezi mpaka wazee waseme yatosha na nyumba isafishwe. Haikuwa adhabu. Ilikuwa hofu ya kuwapelekea wengine kilichokupata. Na mtu aliye ndani hatakiwi kukitangaza kifo hicho kwa kelele bondeni kwa aliye nje, ndiyo maana kazi ya kuniambia alipewa mjomba.

Mimi nilikuwa shuleni lilipotokea, kwa hiyo sikufungwa. Lakini wazee walimwambia wazi: huyo mwanao akirudi akala humu, naye atafungwa pamoja nanyi, na shule basi. Akachagua nisile humu. Akamwomba Boay, kwa kusimama mbali njiani, asinieleze nikiwa shuleni, mbali na mjomba wa kunizuia, maana nikijua nitaacha shule nije. Alifiwa na mtoto mmoja, akamzuia wa pili asimkaribie, ili huyo wa pili abaki na kitabu. Na ubatizo? Hakuna aliyekuwa ameusikia. Babu yako alikuja kuujua mwaka uliofuata, akanuna wiki mbili, akanichinjia mbuzi.

Nilikimbia. Nilitoka bila viatu, nikapita katikati ya uwanja ambapo njuka hapiti, nikashuka mpaka barabarani. Kulikuwa na vumbi tu la basi lililokwishapita. Mwalimu wa zamu alinirudisha, na adhabu yake ya kung'oa kisiki niliifanya kwa furaha, maana ilinipa pa kupigia.

Desemba nikavuka korongo. Mama yangu alinipokea kwa maziwa, akanishika kichwa, akanicheka nilivyorefuka. Hakuuliza nilikuwa wapi siku ile. Nikasubiri aulize ili nipate pa kuanzia. Hakuuliza kesho yake, wala keshokutwa. Mimi nami nikawa nasubiri wakati mzuri wa kusema, na ng'ombe wakizaa nikasema baada ya hapa, na mavuno yakiisha nikasema baada ya hapa. Wakati mzuri haukuja. Alikuja kufa wewe ukiwa unatambaa, na lile neno la korongoni bado liko pale pale nilipoliacha. Sikulifuta, mwanangu. Nilikuwa na miaka yote ile na mdomo mzima.

Lakini nililofanya badala ya kusema ndilo ninalotaka ulisikie. Januari ilipofika, tranka likiwa limeshafungwa, nilimwambia siendi tena. Nilitaka kukaa karibu naye. Nilidhani nikichunga ng'ombe wake na kumkatia kuni kila siku, atajua kwamba nimeomba msamaha. Alikuwa anakamua. Hakunigeukia, aliendelea, ila maziwa yalimwagika ardhini, na mama yangu hakuwa mtu wa kumwaga maziwa. Akasema tu, "Haya." Miaka ilipita kabla sijaelewa nilichokuwa nimemfanyia. Kile alichokilipia kwa upweke wote ule, nilikichukua nikamrudishia kama zawadi.

Ndiyo habari yote ya mwaka wangu mmoja. Sasa nifike pale nilipokuahidi.

Umeniuliza mara mbili kwa nini siku hizi sili ugali. Nilikwambia jino. Si jino. Ile safari yangu ya Babati niliyosema nafuata mbegu, nilikwenda hospitali, na kutoka hapo nikapelekwa hospitali kubwa zaidi. Nina saratani ya koo la chakula. Uji unapita, maziwa yanapita, vingine vinakataa. Sauti nayo inapungua, umeisikia mwenyewe, ukanitania kwamba nimekuwa jogoo mzee. Walioniita Koo wangenicheka sasa. Wiki ijayo naenda kulazwa mbali kwa ajili ya mionzi, mama yako atanisindikiza na mjomba wako atahamia hapa kukaa na Neema. Nilimuuliza daktari kama nitapona. Ni kijana mdogo, ana adabu, aliniambia tutajitahidi, mzee, halafu akatazama kalamu yake.

Naogopa, Bura. Nimeandika neno hilo nikaliangalia, na sitalifuta. Naogopa kufa, na naogopa zaidi kwamba sitaisikia sauti yako ikiwa nzito.

Mama yako hakutaka nikwambie. Alisema mwache mtoto aende na moyo mwepesi, utamwambia likizo. Nikamuuliza na likizo kama sipo? Akainuka akaenda kukamua. Usimwonee hasira. Anataka kukulinda kama bibi yako alivyonilinda mimi, na mwanamke anayefanya hivyo anaumia kuliko anayelindwa. Asubuhi ya leo ndiye aliyeniletea karatasi hizi.

Barua hii nitakupa kesho barabarani, uisome ndani ya basi. Sikutaka uisome hapa nyumbani, kwa sababu ungenitazama na mimi ningekwambia ubaki, nisingeweza kujizuia. Sikutaka pia uisome baada ya kufika, ukajikuta umeshafungiwa lango na jambo ulilofichwa. Nauli ya kurudi imeshonwa ndani ya mfuko wa sweta lako la shule. Ukitaka kushuka Babati na kurudi, shuka. Nitakupokea, tutakunywa maziwa, na hutasikia lawama kwangu mpaka mwisho.

Ila ujue kwamba mimi nilishawahi kurudi nyumbani kwa ajili ya mtu ninayempenda, na mtu yule alimwaga maziwa. Mimi ni mgonjwa, sina nguvu za kumwaga.

Siku ya wageni ikifika, huenda mama yako atakuja peke yake. Huenda asipate nafasi, asije mtu. Usikae langoni. Akikuita mama wa mwenzako ule, nenda ukale kikiwa cha moto. Na ukikaa muda mrefu bila salamu, usianze kushona kama nilivyoshona mimi. Muulize mtu. Mpigie mjomba wako kwa simu ya mwalimu. Kama ni habari mbaya utaambiwa, nimeshamwapisha.

Jua limeshuka, nakuona unawarudisha ng'ombe. Yule ndama mwekundu anakufuata mwenyewe leo, sijui nani kamwambia. Ngoja nimalize.

Kesho basi likiondoka nitakuwa upande wa pili wa barabara. Utataka niseme kitu na sauti yangu haitavuka injini, kwa hiyo usiutazame mdomo. Nimeshaona mahali penye majani mabichi, pale chini ya kalvati, nitayachuma kabla hujapanda. Mkono wangu ukiinuka, mwanangu, geuka uutazame mpaka mwisho. Sikufukuzi.

Ni mimi, baba yako.